Kipande cha Kaka Magesa

Mukendo, Ijumaa.

Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinaenda upogo. Nimechoka.

Karani wa fidia kakataa tena. Kiwandani niliingia kwa kipande cha kazi cha kaka yangu Magesa, yeye akiwa kwetu Mugeta analima. Wengi tunafanyaga hivyo. Sasa mashine ya pamba imenikata vidole vitatu, lakini kwenye karatasi aliyekatwa ni Magesa.

“Mlete Magesa mwenyewe, tuuone mkono wake,” kasema karani.

Mkono wa Magesa ni mzima.

Jioni kaka kaja na lori la pamba, nikamweleza. Akakitazama kiganja chake cha kulia muda mrefu.

“Mdogo wangu, panga lenu liko wapi?”

Hakucheka. Nimesema sijui. Nimelilalia.