Siku Maji Yalipogeuka

Mongu, 14 Julai 1996

Shemeji Sitali,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwetu. Natumaini mgongo wako umetulia na baridi ya mwezi huu haijakuingia kifuani. Mimi na watoto tu wazima, kadiri watu waliofiwa wanavyoweza kuwa wazima. Sepiso amerudi shule.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikitafuta namna ya kukuandikia bila kukugombeza. Nimeshindwa. Shemeji, ulikuwa wapi? Tangu mkiwa vijana umelala kibanda kimoja na mume wangu Muyunda kila mwaka mafuriko yanapopungua. Uliuleta mwili wake kwa mtumbwi siku mbili mpaka Lukulu, ukamkabidhi kaka yake pale bandarini pamoja na vikapu vitatu vya samaki, kisha ukageuza mtumbwi. Hukuja Mongu. Watu walikaa msibani siku nne wakiniuliza Sitali yuko wapi. Mama mkwe alikutengea mkeka. Ulikaa mtupu mpaka watoto wakaanza kuuchezea.

Usidhani siujui ule mto. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa mlinipandisha hadi Lungwebungu ya juu, mahali ambapo tulikaa wiki mbili bila kuona moshi wa mtu mwingine. Nakumbuka kila kambi na jina mlilolipa. Kambi ya Chumvi, kwa sababu uliisahau chumvi na tukala samaki wa ngweshi chapwa siku tatu, na kila ulipotoa mwiba mdomoni Muyunda alikuuliza, "Mpishi, mgeni wetu ameshiba?" Kambi ya Suruali, pale kiboko alipoikanyaga suruali yako pekee, ukarudi umevaa kanga yangu. Nakumbuka Muyunda alivyogeuza samaki kwenye makaa kwa vidole vitupu, kisha akashika ndewe ya sikio kuvipoza. Hata nyumbani alifanya hivyo, na mwiko uko palepale.

Nataka jambo moja tu kutoka kwako. Kaka yake anasema ulimwambia neno moja, "homa", basi. Niambie: mume wangu alipokata roho, alikuwa na mtu kando yake, au alikuwa peke yake? Nikisonga ugali swali hili liko ndani ya sufuria. Nijibu.

Shemeji yako,
Inonge


Mitete, 2 Agosti 1996

Shemeji mpendwa,

Nakupigia makofi ya heshima kutoka huku nilipo. Barua yako ilinifikia kwa mkono wa mwalimu aliyekuja na boti. Mgongo unauma kidogo, lakini nani haumwi kwa umri wetu? Wasalimie watoto, na umwambie Mama kwamba namwogopa.

Nisamehe kwa kutokuja msibani. Nilikuwa mgonjwa. Niliposhika njia ya kurudi, nguvu ziliniisha, nikaja kwa dada yangu hapa Mitete na nimekaa hapa tangu siku hiyo.

Kuhusu ulichouliza, tuliza moyo. Nilikuwa naye. Nilimshika mkono. Ilikuwa Jumamosi, jua likiwa juu. Alizungumza habari zako na za watoto, akafumba macho kama mtu aliyechoka kupiga kafi. Hakuteseka.

Mimi pia nakumbuka mengi. Nakumbuka jinsi alivyonuna siku nzima mwaka ule uliponasa kambare mkubwa kuliko wake. Alidai ulitumia uchawi wa kwenu.

Nakutumia kikapu cha perege wakavu. Ni kidogo, kipokee.

Shemeji yako,
Sitali


Mongu, 11 Agosti 1996

Sitali,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Kikapu chako kinarudi kwako na mwenye lori huyohuyo aliyekileta. Sijatoa hata samaki mmoja. Ukitaka kuhesabu, hesabu.

Uliponiandikia ulisahau kwamba nimekausha samaki wa lile tuta lenu la kutegea tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Sasa nisikilize. Samaki aliyekaa moshini siku tatu, ukimkunja mkia unavunjika. Vile vikapu vitatu vya samaki ulivyotuma na maiti, nilivifungua mimi mwenyewe ili wanawake wapikie waombolezaji. Mikia ya samaki ilipinda kama ngozi. Nyama ilikuwa bado na maji karibu na mfupa. Nilishangaa, kisha kilio kikanisahaulisha. Baada ya barua yako nilikumbuka.

Samaki wale walikaa moshini usiku mmoja tu. Mlifika Lukulu Jumatatu. Rudisha siku mbili za mtumbwi. Samaki wale walitoka majini Jumamosi.

Basi niambie, wewe uliyekuwa umeushika mkono wa mume wangu Jumamosi jua likiwa juu: nani alikuwa kwenye tuta akitoa samaki kwenye mitego ya migono? Kulikuwa na watu wawili tu kwenye ile kambi. Mmoja alikuwa anakufa.

Nimewalisha watu samaki wale, Sitali. Nilimmegea mama yake mzazi, akasema ni watamu. Nililamba vidole.

Umenidanganya mimi, mke wa rafiki yako, kwa mwandiko mzuri, na kikapu juu yake kama unamnyamazisha mtoto. Sitaki kutulizwa moyo. Sijakuomba hilo.

Mke wa Muyunda


Mongu, 20 Oktoba 1996

Sitali,

Habari za huko. Zetu ni zilezile.

Wiki kumi. Najua barua ilifika kwa sababu kikapu kilifika. Dada yako amemwambia mwenye lori kwamba ulikiona ukaingia ndani. Ingia ndani mara mia. Nitaandika tena mwezi ujao, na unaofuata, na maji yakipanda nitaandika, na yakishuka nitapanda mtumbwi nije nisimame uani kwa dada yako niulize kwa sauti, majirani wakisikia. Unanijua. Mlikuwa mkicheka kwamba sauti yangu inafukuza mamba.

Watoto wamenikataza kukutaja mezani. Wanasema uso wangu unabadilika.

Mke wa Muyunda


Mitete, 3 Novemba 1996

Shemeji,

Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti, ingawa hunioni. Sitaulizia afya yako kwa sababu najua nani ameiharibu.

Nilikudanganya. Yaliyotokea ni haya.

Homa ilimshika Jumatano. Nilitaka tushuke Alhamisi, akakataa. Alisema ni malaria ya kila mwaka, na maji yalikuwa karibu kugeuka. Unajua mwenyewe. Kila mwaka tunalikarabati lile tuta la udongo na matete, tunaacha milango midogo, tunatega migono, kisha tunangoja siku ile maji ya bondeni yanapoamua kurudi mtoni na samaki wote wanayafuata. Ni siku moja, labda na nusu. Asiyekuwepo amekosa mwaka.

Jumamosi asubuhi alikuwa amelala kibandani, anachemka. Nilikuwa nampangusa kichwa. Akaniambia, "Sitali, sikia."

"Nisikie nini?"

"Wanapiga maji. Wamefika mlangoni. Nenda."

"Siendi popote. Unachemka kama chungu."

"Nenda, mjinga wewe! Baba yangu alilijenga hilo tuta. Leo wapite wakitucheka kwa sababu ya homa?"

"Nikikuacha, Inonge atanila nyama."

"Inonge atakula perege. Ukirudi mikono mitupu nitakupiga kwa upondo, na nguvu ninazo."

Akacheka, shemeji. Naapa alicheka. Nikamwekea maji karibu, nikaenda. Nilisema moyoni, mgono mmoja tu, nirudi. Nilirudi kweli. Nilimletea kambare nimwonyeshe. Alifungua jicho moja, akasema, "Huyo mtoto. Mrudishe kwa mama yake." Nikaenda mara ya pili.

Mara ya pili sikurudi upesi. Sina pa kujificha. Samaki walikuja kwa wingi ambao sijawahi kuuona tangu tukiwa vijana. Migono ilikuwa mizito hata sikuweza kuinyanyua peke yangu. Niliifungulia humohumo majini na kurusha samaki ukingoni kwa mikono. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilikuwa natunga jinsi nitakavyomsimulia. Nilipoinua kichwa, kivuli cha matete kilikuwa kimevuka mpaka ng'ambo.

Nilimkuta nje ya kibanda. Alikuwa ametambaa hatua kama sita, kifudifudi, uso umeelekea tutani. Sijui kama alikuwa anakuja kuona samaki au anakuja kuniita. Maji yalikuwa na kelele mlangoni. Kama aliniita, sikumsikia.

Jua lilikuwa limezama na viboko walikuwa njiani, nisingeweza kumshusha kabla ya alfajiri. Niliwasha moto nikakaa naye. Samaki niliwaweka juu ya moto ule. Usiniulize kwa nini. Mikono ilitaka kazi, na niliona atanitukana wakioza.

Sikuweza kuja kukaa kwenye mkeka wa Mama na kula samaki wale mbele yako. Ndiyo sababu niligeuza mtumbwi.

Alikuwa peke yake. Hilo ndilo jibu.

Sitali


Mongu, 8 Desemba 1996

Sitali,

Mama hajambo, watoto hawajambo. Mvua zimeanza na paa la jikoni linavuja palepale ambapo Muyunda aliahidi miaka mitatu kwamba atapaziba.

Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi imechanika kwenye mkunjo. Kwanza niliitupa. Sepiso akaiokota, akaisoma, akatoka nje. Sasa anajua naye.

Nina hasira na wewe kuliko nilivyokuwa nilipokuwa sijui. Alhamisi ulikuwa na mtumbwi na mikono miwili. Mgonjwa hupingwa. Ungemfunga kamba ungemshusha, angekutukana hadi Lukulu na leo angekuwa hai anaendelea kukutukana. Umemtii siku moja katika maisha yako, na ukachagua siku hiyo.

Lakini maneno uliyoyaandika ni yake. "Mrudishe kwa mama yake." Hayo huwezi kuyatunga, akili hiyo huna. Nimemsikia. Kwa hiyo sasa nina watu wawili wa kugombana nao na mmoja siwezi kumwandikia barua. Alijua ana mke. Alijua ana watoto wanne. Akasikiliza samaki. Nimepiga meza hii kwa ngumi nikimwambia hivyo, na wino umemwagika, ndiyo maana ukurasa wa pili uko hivi.

Sasa sikiliza nitakalo, na usinijibu kwa karatasi.

Mwezi wa tano nitapanda kuja kwenye tuta. Tuta ni la nyumba hii na mimi ndiye mwenye nyumba. Utakuja na mtumbwi wako kunichukua Lukulu, nitakuwa bandarini Jumatatu ya tatu ya mwezi, na utanipeleka hadi kambini. Tutaziba nyufa za tuta kama kila mwaka. Tutaacha milango. Migono utaiweka juu ya mti, mikavu, yote.

Kisha tutangoja. Siku maji yakigeuka utanionyesha mahali ulipomkuta, na tutakaa hapo, wewe upande mmoja na mimi upande mwingine, kuanzia asubuhi hadi kivuli cha matete kifike ng'ambo. Samaki watapita. Utawasikia wanapiga maji na utatamani kuinuka. Mikono yako naijua. Hutainuka. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kuzungumza, nisimulie habari zake, za kweli na za uongo, ninajua kuzitenganisha. Nikitaka kukutukana nitakutukana, na utanyamaza. Ile siku unadaiwa, na utailipa ukiwa umekaa.

Baada ya hapo sijui kama nitakula nawe tena. Siahidi.

Mpe dada yako salamu. Mwambie asikuruhusu kuingia ndani.

Shemeji yako,
Inonge