Onyo Lililomfikia Tata

Jumanne, jioni

Ng'ombe wa shangazi yangu, Tata Wambui, amekufa maji, na bado sihisi chochote ninachoweza kukitaja kwa jina.

Nilipofika kwake Ruiru mchana, kamba ilikuwa bado imefungwa kwenye kigingi kando ya mto. Nilimuuliza kama hakupata onyo la mafuriko nililolituma jana kwa simu zote za eneo hilo. Ndiyo kazi yangu.

"Nilipata, mami. Nikafuta," alisema. "Hizo namba fupi si ni za kubeti na mikopo? Na wewe ukiwa na jambo, si huwa unanipigia?"

Nilitaka kumweleza kwamba namba hiyo ni ya kazini kwetu.

Labda kosa ni la namba. Labda ni la lugha yangu: niliandika "mvua kubwa inatarajiwa" mahali ambapo ningepaswa kuandika "hamisheni mifugo". Sina hakika. Ripoti ya kesho itasema tu kwamba ujumbe ulifika.

Na kweli ulifika. Niliuona umefika kwenye namba yake, na ndiyo sababu sikumpigia.