Majani Chini ya Mikorosho

Kilangala, Jumanne jioni

Bado moyo haujatulia. Balozi wa nyumba kumi alikuja leo shambani, akasimama mbele ya majani niliyoyalundika chini ya mikorosho.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Kijiji kizima kinachoma majani, kwenu tu uchafu. Katika ujamaa hatutaki wavivu."

Nilitaka kumweleza tulivyofundishwa shuleni, kwamba majani yakioza yanarutubisha udongo, na moto unauharibu. Badala yake nikainama kukusanya majani yaliyotawanyika. Baba, ambaye wiki nzima amenung'unika kwamba nimemletea mambo ya kijinga, akaweka jembe chini.

"Ni mimi niliyeamua," akasema. "Ukinishtaki mkutanoni, nitajibu mwenyewe."

Balozi akaondoka bila kuaga.

Nilipotaka kumshukuru, baba akanikatiza. "Mwanangu, una hakika na jambo hili?"

Nikasema ndiyo. Lakini nimelisoma tu, sijawahi kuliona. Na majani yakivuta mchwa hadi kwenye miti je? Na moto wa jirani ukirukia majani makavu yale, mikorosho yote...

Likizo inakwisha Jumamosi. Mimi nitarudi shule, yeye ndiye atakayesimama mkutanoni.