Kichwa Nilichojifunzia

Singida Mjini,
Alhamisi.

Mdogo wangu Editha,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hata ya kufungua bahasha. Mama na kifua chake anaendeleaje? Mahindi mmeshapukuchua? Mimi mzima wa mwili. Upepo wa hapa Singida unanichapa macho kila asubuhi nikifungua saluni, ila nimeshauzoea.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu ukipokea simu mama anataka uweke spika, na haya ni yako peke yako.

Unakumbuka nilikuambia nimechaguliwa pamoja na wenzangu kuandaa mtaala wa chuo kimoja hapa mjini, wa wanafunzi wa ususi na wa wenye saluni wanaowafundisha. Nilijivuna, nisikufiche. Wakanipa na ukatibu kwa ajili ya mwandiko wangu. Basi tukafika wiki ya kwanza: mwanafunzi aanze kusuka kichwa cha nani? Midoli ya mazoezi ni michache. Mwenyekiti wetu, Mama Neema, akasema, "Jamani, si waje na wadogo zao? Nani hapa hakujifunzia kwa mdogo wake?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikaandika.

Jumanne tukalijaribu somo lenyewe. Msichana mmoja wa Mwankoko akaja na mdogo wake, kama miaka saba hivi, akamsuka mtindo wa twende kilioni. Anavuta huyo! Macho ya mtoto yamepanda juu, paji la uso limetoka vipele. Nikainama nikamuuliza, "Mama, inauma?" Akamtazama dada yake kwanza, ndipo akanijibu, "Haiumi."

Editha! Nilikuona wewe. Ulikuwa unasema hivyo hivyo, kwa sababu nilikutisha kwamba ukilia sikupeleki mnadani. Nakusuka Jumatatu, nakufumua Jumatano, nakusuka tena juu ya vidonda, ili Mama Asteria aliyekuwa ananifundisha kazi aone nimeiva. Nywele za mbele zikang'oka, hazikurudi. Mama akadhani ni mapunye, akakupaka dawa wee, na wewe ukanyamaza kunistiri. Mpaka leo kitambaa hukivui hata ndani ya nyumba, na mimi ndiye mwenye saluni! Sijawahi kukupa pole. Pole, mdogo wangu. Nilikukosea sana.

Yule mtoto nilimfumua kwa mikono yangu mwenyewe. Nywele zilipolegea ndipo akalia. Nikawaambia wenzangu tuufute ule mstari wa kuja na wadogo zao. Mama Neema akashangaa: "Skola, una nini leo? Kwani wewe ulijifunzia kwa nani?"

Nikasema, kwa mdoli.

Mdoli, Editha! Kwetu Mpanda, enzi zile, mdoli ungetoka wapi? Nimekukana mbele za watu kumi, na mstari ukabaki pale pale kwa mwandiko wangu.

Jumatatu ijayo tunaukabidhi mtaala. Ukishapita, kila mwanafunzi atakuja na mdogo wake, na kila mdogo atasema haiumi. Nataka nisimame niseme kichwa nilichokiharibu ni cha nani. Lakini siwezi kuwaambia wageni kabla mama hajajua, na kwa mama siwezi kusema bila ruhusa yako, maana siri hii wewe ndiye uliyeibeba miaka yote. Ukikataa, sitakutaja. Nitagombana nao kwa njia nyingine, ingawa sijui ipi.

Mwambie mama namkumbuka sana, dawa asiruke. Shangazi anayewaangalizia kuku mpe shikamoo yangu. Kaka yetu wa trekta mwambie bado namdai kitenge, asijifanye amesahau. Barua hii namkabidhi dereva wa basi, nimemsisitiza akupe mkononi.

Nitumie ujumbe ukiwa peke yako, hata maneno mawili. Nitukane ukitaka, nitapokea. Ila nakuomba, usije ukaniandikia kwamba haiumi.

Ni mimi dada yako,
Skola