Bahasha Isiyo na Stempu

Jumatatu, 3 Novemba 1952
Nimeloweka stempu nane bakulini kabla ya kazi, zibanduke karatasini. Saba zina meli. Bahari sijaiona maishani, lakini meli zangu ni mia mbili na zaidi.

Mama Ngoie, jirani yangu, amebisha hodi maji yakiwa hayajapoa. Marehemu mumewe, Kabwe, alitia kuni katika meli ya vita ya Ziwa Tanganyika, wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Akafia huko. Jumanne ya wiki ijayo majina ya wafu wa vita yatasomwa kwenye mnara wa kumbukumbu, na lake halimo. Karani mzungu wa ofisi ya askari wa zamani anataka ushahidi, karatasi yenye mhuri. Basi Mama anataka zile bahasha za barua za Kabwe alizonipa mwaka jana. Nimesema nitazitafuta. Mwongo mimi. Nilibandua stempu, bahasha nikatupa.

Jumatano, 5 Novemba
Nimeazima katalogi ya stempu ya padri. Nimeisoma mchana, sikula. Askari aliye vitani hanunui stempu! Barua yake hupigwa mhuri wa kikosi au wa meli, basi. Miaka ishirini nakusanya maganda na kutupa ndizi.

Lakini bahasha zisizo na stempu sikuzitupa zote. Karatasi tupu kwangu ni uwanja wa mapigano. Huandika juu yake rasimu za makala zangu, kisha huziweka vitabuni kama alama.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimekung'uta vitabu vyote. Mama Ngoie amekaa mlangoni akinitazama.

"Bitabu yote hii, baba, na karatasi moya inakushinda?"

Imeanguka kutoka kamusi ya Kifaransa. Mhuri wa duara, nanga katikati, jina la meli limezunguka. Chini, kwa mwandiko wa katekista aliyemwandikia barua: Kabwe, mtia kuni.

Nikageuza. Nyuma, mwandiko wangu. Ile makala ya Machi, niliyoipeleka gazetini bila jina. Inamwita karani huyohuyo fuko kipofu anayelinda makaburi. Tangu Machi anamtafuta aliyeiandika. Wenzangu wamefukuzwa mjini kwa maneno madogo kuliko hayo.

Ijumaa, 7 Novemba
Karani hakubali nakala, Mama alishauliza. Nimejaribu kufuta kona moja kwa maji. Wino wangu haukutikisika. Wa nanga ukaanza kutanuka. Nimeacha haraka.

Mimi ninayejua kuloweka kuliko mtu yeyote mtaani kwetu Kamalondo.

Naogopa. Miaka yote nawaita wengine waoga.

Jumamosi, 8 Novemba
Tumekwenda. Karani ameitazama nanga kwa kioo cha kukuzia muda mrefu. Kumbe naye hukusanya stempu. Akauliza meli ya vita ilifikaje ziwani, mbali hivi na bahari. Nikamweleza: vipande vipande, kwa reli, kisha kwa mabega ya watu. Akaniuliza tena na tena. Kwa dakika kumi nilisahau kumchukia, na hilo limeniudhi.

Kisha akageuza bahasha. Akasoma hadi mwisho, polepole.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, Bwana."

Mama Ngoie ameinuka, akaigeuza bahasha mezani kwa kidole kimoja.

"Na hii ya mbele iko ya bwana yangu."

Karani ameandika kitu katika orodha yake. Sikuona nini. Bahasha amebaki nayo.

Jumanne, 11 Novemba
Manyunyu tangu asubuhi. Watu wengi kwenye mnara, sisi weusi nyuma ya kamba. Karani ndiye aliyesoma. Majina ya maofisa, kisha ya askari. Karibu na mwisho: Kabwe, wa meli. Amelitamka vibaya. Amelitamka.

Mama Ngoie, kitambaa chake kimelowa, amejibu kama kwenye mwito wa majina kambini, si kwa sauti kubwa:

"Iko."

Nyumbani nimekuta barua ya ofisi ya karani. Niende Alhamisi, saa mbili, peke yangu. Imepigwa mhuri tu, haina stempu. Nimeiweka katika kamusi, mahali pa ile bahasha.

Bakuli ni kavu. Leo sikuloweka kitu.