Chafya ya Baba

Chumba Namba 9,
Sitaha ya Chini,
Melini, katikati ya maji.

Jumatano, 14 Machi

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, tena salamu zenye chumvi, maana huku kila kitu kina chumvi: shuka, kitasa cha mlango, hadi kalamu hii ninayoandikia. U mzima? Wifi hajambo? Na mapacha, bado wanagombania kiti cha dirishani? Mgongo wako je? Uliniambia unauma ukishinda umeinamia kile chombo chako cha kupimia mipaka ya watu. Usinijibu "nipo tu". Nataka kujua unauma wapi hasa, na unaanza saa ngapi.

Mimi ni mzima wa afya. Siku mbili za kwanza bahari ilinikomoa, nikawa sibanduki kwenye ndoo, lakini sasa natembea na kula na kuuliza maswali, kwa hiyo ujue nimepona. Ningekupigia simu, ila mtandao wa huku ni wa kubahatisha, na wako nao una kasoro yake: likitajwa neno Baba tu, unakatika. Barua haikatiki. Itabidi uisome mpaka mwisho.

Najua unajiuliza mlezi wa wazee anatafuta nini kwenye meli ya watalii. Unamkumbuka yule bibi ninayemhudumia, mwalimu mstaafu ninayemwita Madamu? Alifundisha sayansi ya viumbe miaka thelathini na minne, na ukutani mwa darasa lake kulikuwa na picha moja tu, ya visiwa hivi. Alijiapia kuviona. Wanawe wamemletea safari sasa, wakati macho yake yamebaki kuona mwanga na kivuli tu. Basi nimekuja niwe macho yake. Namtilia dawa mara tatu kwa siku, namshika mkono kwenye ngazi, na namsimulia kila kinachopita.

Usidhani ni kazi rahisi. Meli yetu ni ndogo, abiria ishirini na wawili, na wenzetu wote wana darubini shingoni na macho mazima. Mimi nina mdomo tu. Siku ya kwanza nilimwambia, "Kuna ndege mzuri sana." Akaniuliza, "Mzuri ndiyo rangi gani?" Nikamwambia ana miguu ya buluu, buluu ya sare za shule, na anainyanyua mmoja mmoja kumwonyesha jike. Akanipa maksi sita kwa kumi. Jioni nikamweleza kuhusu ndege mwingine mweusi anayejaza upepo kwenye ngozi nyekundu ya koo mpaka kichwa kinakosa pa kukaa. Akasema, "Hapo umenidanganya." Nikaapa. Hakuamini mpaka mwongozaji wetu alipokuja kunitetea.

Kaka, sijui nikuelezeje nilivyojisikia. Umekiona kitu kwa macho yako mawili, unakisema kilivyo, na mtu anakuambia unadanganya. Nililala na hasira. Na katika hasira hiyo ndipo nilipomkumbuka Baba, nikaona aibu, maana siku ile mezani na mimi nilikuwepo na sikusema neno.

Habari za Baba zenyewe ni hizi. Shangazi, ambaye ndiye anayekaa naye, anasema lile koo halikupona kwa dawa. Daktari amepanga kumpasua tarehe kumi na nane ya mwezi ujao. Ataishi, hilo wamemhakikishia, lakini sauti wanaiondoa. Baada ya hapo atakuwa anaandika kwenye ubao mdogo. Shangazi ameshaununua, ameutundika jikoni, na Baba anaukwepa akipita. Nimekuambia waziwazi kwa sababu najua wengine watakuambia "anaumwa kidogo".

Sasa rudi nami nyuma miaka kumi na moja, siku wakwe zako walipokuja kutufahamu. Umevaa shati jipya, umetuonya sote tujiheshimu. Baba naye akaona ndiyo nafasi yake. Akaanza mambo ya ujana wake, alipokuwa mpaka rangi kwenye meli ya mizigo, meli ikaharibika mtambo, wakakaa siku tatu kwenye visiwa vya mawe meusi. Akawaeleza mijusi inayoogelea baharini na kula majani chini ya maji. Mirefu kama mlango, alisema. Vichwani ina chokaa, fundi aliyeipaka hakumaliza kazi. Na inapiga chafya! Hapo akainua uso, akafumba mdomo, akapiga ile chafya yake ya puani, "Tsi! Tsi!", mara mbili, akageuza shingo pembeni. Chai aliyokuwa ameinywa ikamrukia mama mkwe wako kwenye mtandio.

Wakacheka. Wewe hukucheka. Ulisimama ukasema, "Naomba mtusamehe. Mzee wetu ni muongo, hajafika popote." Baba akaweka kikombe mezani, polepole, kama kina maji ya moto. Tangu siku hiyo hajasimulia tena. Mtaa mzima ulimwita Baba Mijusi kwa mapenzi, sasa wanaomwita hivyo ni wageni wasiojua. Nawe ukahamia mbali, na wanao hawajui hata babu yao anaongea vipi.

Usiponisamehe kwa kukukumbusha, nisamehe kwa hili linalofuata: nilikuja huku nikiwa na mashaka yaleyale uliyonayo. Wewe ni mpima ardhi, unataka jiwe la mpaka ulione. Mimi sijui kupima, lakini swali likiniingia halitoki. Si bure mkaniita Kwanini. Nilijiambia, nikifika nitajua Baba alifika au hakufika.

Jumatatu tulishuka kisiwa cha tatu. Kabla ya kushuka wanatupiga brashi nyayo za viatu na kutukagua mifuko, maana hata mbegu moja ya kutoka nje haitakiwi kule. Tukapanda boti la mpira, mimi nimemshika Madamu, mwongozaji amemshika upande wa pili. Kisiwa chote ni mwamba mweusi uliotoka tumboni mwa volkano, umeganda ukiwa bado na mikunjo. Na juu ya mwamba, mijusi. Mamia, Kaka. Myeusi, imelaliana, pua bapa, makucha marefu, na vichwani mwake weupe, kweli kabisa, weupe wa chokaa iliyopakwa ovyo. Niliona mmoja ukiingia majini, mikono imebana mbavuni, mkia ndio unaopiga.

Ningeruka kwa furaha, lakini kabla sijafungua mdomo harufu ilinikaba. Samaki waliooza, kinyesi cha ndege, majani ya bahari yaliyochacha juani, vyote kwa pamoja. Machozi yalinitoka. Wote botini wakatafuta vitambaa. Na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye viatu. Baba alituhadithia visiwa hivi labda mara mia, na hakutaja harufu hata siku moja! Mtu anawezaje kusimama pale siku tatu akasahau harufu ile? Picha ndiyo haina harufu. Nikawaza, basi aliona picha mahali, na Kaka alikuwa sahihi.

Mchana huo sikuwa na hamu ya kusimulia. Madamu akanibana wakati wa chai: "Macho yangu yamefungwa leo?" Nikamweleza yote, hadi mtandio. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Baba yako ananusa?"

Kaka, nilicheka mpaka nikamwaga chai yangu. Unakumbuka maziwa? Marehemu Mama alikuwa akiyamwaga yakichacha, Baba anamgombeza kwamba anamwaga maziwa mazima, huku anaendelea kunywa glasi yake. Unakumbuka sufuria lililoungua likawa jeusi, naye amekaa pembeni anasoma gazeti? Na siku gesi ilipovuja, sisi tumetoka nje tunakohoa, yeye anauliza tunakimbia nini? Tulidhani ni mtu wa subira. Kumbe hana pua! Rangi na spiriti za kusafishia brashi, kwenye vyumba vya chini ya meli visivyo na dirisha, zilimmaliza kabla hatujazaliwa. Miaka yote tumeishi na mtu asiyenusa, na mimi mwenye maswali sikuwahi kuuliza.

Nikataka kukuandikia papo hapo. Madamu akanizuia. Akasema hilo halithibitishi kwamba alifika, limeondoa pingamizi tu. Alisema tutafute kitu ambacho mtu hawezi kukipata kwenye picha wala kitabuni. Unaona nilivyo mikononi mwa mwalimu.

Jana asubuhi tulishuka tena, ufuko mwingine. Wenzetu wakaenda na mwongozaji kuangalia kobe. Madamu miguu ilimchoka, tukaachwa chini na msaidizi wa boti, tukakaa kwenye jiwe. Mijusi iliyokuwa karibu ilikuwa hatua mbili kutoka kwetu, na zaidi ya hapo huruhusiwi kuisogelea. Bahari ilitulia. Mimi natazama, natafuta cha kusimulia. Madamu, ambaye hana cha kutazama, ndiye aliyesikia.

"Nani huyo anapiga chafya?" akauliza.

Nikasikiliza. "Tsi! Tsi!" Kaka, niligeuka kumtafuta Baba. Nakuambia ukweli wangu, nilinyanyuka nikageuka nyuma nimtazame, kana kwamba yuko mezani na kikombe chake. Ilikuwa ni yeye. Mara mbili, ya puani, mdomo umefumbwa. Nikamwona mjusi ameinua uso, anageuza shingo pembeni, vilevile, mpaka pembe ya shingo. Matone yakamrukia Madamu shavuni. Akayapangusa kwa kidole, akaonja, kwani hana kinyaa huyu bibi, akasema, "Chumvi."

Halafu ikawa mimi nalia, yeye anacheka. Akaniambia kwa miaka thelathini na minne amewafundisha watoto kwamba mjusi huyu hunywa chumvi nyingi majini na kuitoa puani, na chumvi hiyo ndiyo inayomgandia kichwani ikawa nyeupe. Imeandikwa. Lakini inasikikaje, haikuandikwa katika kitabu chochote alichokishika. Mwongozaji aliporudi nikamuuliza kama chafya hiyo inaweza kusikika ukiwa melini. Akacheka. Alisema hata kwenye boti huisikii, mpaka ukae chini karibu, unyamaze.

Basi Baba alikaa chini karibu, akanyamaza. Kijana mwenye rangi kwenye kucha, siku tatu, anasikiliza mijusi. Akaibeba sauti ile miaka yote kuja kutupa sisi, na sisi tukamwambia asituaibishe mbele ya wageni.

Ili usiseme nimependelea: hapo kwenye mlango aliongeza chumvi. Si mirefu kama mlango. Mkubwa niliouona ni urefu wa mkono wangu na nusu ya mwingine. Hiyo nimemkata maksi mbili.

Kaka, nakupenda, na sikuandika ili nikushinde. Ulikuwa kijana, ulikuwa na woga, ulitaka wakwe zako wakupende. Ninachotaka ni kimoja. Njoo kabla ya tarehe kumi na nane, na mapacha uje nao. Usije na hotuba, Baba hatajua aitie wapi, na wewe utalia kabla hujafika katikati. Kaa mezani, pokea chai, halafu muulize tu: "Baba, ile mijusi ilikuwa inapigaje chafya?" Madamu naye ana swali lake, anataka kujua ni tundu lipi la pua linaloanza. Hakuna mwingine wa kumjibu, na ubao wa Shangazi hauwezi kuandika sauti.

Na akishaipiga, chai ikikurukia, usijifute haraka.

Nisalimie Wifi, mwambie kitambaa alichonipa ndicho kilichoniokoa na harufu. Mapacha wabusu mmoja mmoja, usiwajumlishe. Mama mkwe wako mpe heshima zangu, umwambie kwamba mtandio wake ulirukiwa na ukweli mtupu. Madamu anakusalimu japo hakujui. Mungu aunyooshe mgongo wako na aifupishe njia yako ya nyumbani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kuuliza,

Kwanini