Tovuti Yako ya Mboga na Salamu Nilizozifuta

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza barua bila shikamoo nakuogopa hata huko uliko.

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike hapo Mikumi. Nimekaa dukani kwangu Kilosa, umeme umekatika, mashine ya kutoa kopi imelala, sina tena kisingizio cha kutokukuandikia. Kuna jambo nililifanya kwenye tovuti yako. Ni afadhali ulisikie kwangu mimi mwenyewe.

Ila nianze na sifa, maana ulipokuwa hai nilikuwa mchoyo wa kukusifu. Wewe uliyepika wali na maharage kando ya barabara ya Iringa miaka yote ile, madereva wa malori wakikungoja kwenye benchi kama watoto wa shule, uliamka siku moja ukaniambia unataka tovuti. Si ya biashara. Ya mboga za porini: mnavu, mchunga, mgagani, mlenda, zile zinazoota zenyewe na watu wanazikanyaga wakienda sokoni kununua kabichi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulingoja nimalize, kisha ukasema, "Haya, fundi, tunaanzia wapi?"

Ukaichukua kompyuta yangu kuukuu, ukaiweka kwenye meza ya kukatia vitunguu, ukajifunza kuandika kwa kidole kimoja. Kila mboga uliipiga picha tatu: ikiwa ardhini, ikiwa mkononi, ikiwa kwenye sahani. Ulipanda gari mpaka Tindiga kumwuliza Bibi namna ya kuutambua mchunga ungali mchanga. Kutoka hapo ukaenda kwa akina mama wa wafugaji kule uwandani, ukakaa nao kutwa nzima, ukarudi na jani moja na habari za kutosha kurasa mbili. Hukuona haya kuuliza. Nimewajua watu wenye shahada ambao hawana hata nusu ya subira yako, na hili nilipaswa kukuambia usoni.

Lakini tovuti yenyewe, Mama Mkubwa, ilikuwa mbaya. Nisamehe. Maandishi ya kijani juu ya rangi nyekundu, macho yakiuma kama yamemwagiwa pilipili. Picha nzito kiasi kwamba mtu alimaliza bando lake kabla mlenda haujatokea. Kila ukurasa uliupa kichwa kimoja tu, Karibu. Na kila ukurasa ulianza kwa salamu ileile: "Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za huko mliko? Wanangu, marahaba. Huku Mikumi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Poleni na safari."

Hiyo "wanangu, marahaba" ndiyo ilinimaliza. Watu hata hawajakuamkia, wewe umeshapokea.

Nilikueleza mara ngapi? Mtu akiandika "mnavu" kwenye simu yake, anaonyeshwa orodha ya kurasa, na chini ya kila kichwa kuna mistari michache ya kumweleza kilichomo. Zako zote zilisomeka Karibu, halafu shikamooni. Hakuna aliyeweza kujua kama ndani kuna mnavu au tangazo la harusi. Ndiyo maana ulikuwa mwisho kabisa wa orodha, huko ambako ni wachache wanaofika. Nilikuomba tuzifute hizo salamu. Ukanijibu, "Mtu akiingia jikoni kwangu namsalimia kwanza, ndipo namwuliza atakula nini." Nikasema kompyuta haina jiko. Ukanuna siku mbili.

Halafu ukaugua. Siku ile wodini uliponishika mkono ukasema, "Isife," wengine walidhani maumivu yanakusemesha. Mimi nilijua unasema nini. Nikakuahidi, na ahadi kwa mtu aliyelala kitandani ni nzito kuliko unavyofikiri unapoitoa.

Basi baada ya arobaini nikaanza kazi. Nikaweka rangi nyeupe nyuma, maandishi meusi. Nikazipunguza picha uzito, zikawa zinafunguka mara moja hata kwenye simu ya bei ndogo. Kila ukurasa nikaupa kichwa chake kwa namna watu wanavyouliza: jinsi ya kupika mgagani usiwe mchungu, tofauti ya mnavu wa kula na usioliwa. Kurasa nikaziunganisha, mtu akitoka kwenye mchunga anauona mlenda. Na salamu nikazifuta. Zote. Nilifuta kwa hasira, nikudanganye nini. Nilikuwa na hasira na wewe kwa kufa.

Ikafanya kazi! Wiki chache tu, nikitafuta mgagani nakukuta juu, juu kabisa, unatazamana na tovuti za watu wenye ofisi. Nilicheza dukani peke yangu. Mteja aliyekuja kuchapisha barua ya kuomba kazi alinikuta nimeinua mikono, akauliza kama nimeshinda kitu. Nikamwambia mama yangu mkubwa ameshinda.

Ila baadaye nikaona kitu kimekosekana. Watu walikuwa wanaingia wengi kuliko zamani, lakini pale chini kwenye sehemu ya maoni hapakuwa na neno jipya. Wanakuja, wanachota, wanaondoka, kama bombani. Nikasema labda watu wa siku hizi ni wavivu wa kuandika. Nikarudi kusoma maoni ya zamani ili nijifariji, na hapo ndipo uliponikamata.

Yote yalianza kwa kukujibu. "Marahaba mwanangu, mimi ni mzee wa Kidodi." "Shikamoo mama, nilikula kwako nikipeleka mbao." Ulimsalimia mtu, naye akashindwa kupita kimya kwa sababu amefundishwa kwao kuitikia. Na akishaitikia hawezi kuishia hapo, ataulizia hali yako, na akishaulizia atasema jambo. Dereva mmoja wa Moshi aliandika kwamba mnavu kwao wanauita mnafu. Mwingine akasema mgagani anaujua kwa jina la mwangani. Mama mmoja akakusahihisha kuhusu kuchemsha mchunga, wewe ukamshukuru na kubadilisha ukurasa siku hiyohiyo.

Nikaangalia ni maneno gani watu wanatafuta mpaka wanafika kwako. Mama Mkubwa, nusu ya maneno hayo hukuyaandika wewe wala mimi. Ni majina ya kwao, yaliyoletwa na wale wageni chini ya salamu zako. Mtu wa Moshi anatafuta mnafu, na neno hilo lilikuwepo kwako kwa sababu dereva yule aliitikia. Mimi fundi, mwenye cheti cha kompyuta kutoka Morogoro ukutani, niliona salamu zinaiua tovuti, kumbe ndizo zilikuwa zinailisha. Nilikaa nikatazama skrini, nikalia, sikujali mteja yupo au hayupo.

Siku chache baadaye ukaja ujumbe mmoja tu, wa kwanza tangu nilipobadilisha. Mwanamke wa Iringa ameandika: "Hapa zamani palikuwa na mama anatusalimia. Yuko wapi?"

Sikuweza kumjibu. Nilikuwa sijaandika popote kwamba umefariki. Nilijisingizia kazi, lakini ukweli ni kwamba huko mtandaoni bado ulikuwa hai, na nilitaka pabaki mahali pamoja ambapo u hai. Kumbe kwa kufuta sauti yako nilikuwa nimekuzika mara ya pili, tena bila kumwita mtu msibani.

Salamu nimezirudisha. Dawa ilikuwa ndogo, na inaniuma kwamba sikuitafuta tulipokuwa tunagombana. Yale maelezo mafupi ya kwenye orodha yanaweza kuandikwa pembeni, mahali ambapo msomaji wa ukurasa hapaoni, na ukurasa ukaanza utakavyo. Wote wawili tungekuwa sawa. Ulininunia bure, nami nilikuchokoza bure.

Halafu nikamjibu yule mwanamke, hapo hapo kwenye ukurasa wa mbele, wote wasome. Nikafuata ulivyotulea: habari njema mbele, msiba nyuma. Niliandika: "Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni Rehema, mtoto wa mdogo wake. Nyumbani salama, watoto wazima, mvua imenyesha vizuri. Ila mama aliyekuwa akiwasalimia hapa hatunaye tena. Nisameheni kwa kuchelewa kusema."

Mama Mkubwa, watu walikuja. Sikudhani watu wanaweza kufika msibani kwa njia ile. Na unajua mtu wetu haji kwenye matanga mikono mitupu. Yule wa Iringa alikuwa wa kwanza, ameandika pole ndefu, na mwisho ameweka picha ya jani ambalo hatuna, na jinsi mama yake alivyolipika. Mwingine ametuma pamoja na pole yake majina mawili ya mlenda. Mwanamke wa kule uwandani, mmoja wa wale uliokaa nao kutwa, mtoto wake ameandika kwa niaba yake kwamba amelia, na kwamba lile jani moja uliloondoka nalo lina ndugu yake huota baada ya mvua, nikitaka niende akanionyeshe. Kila anayesema pole anaacha mboga. Nimeshindwa hata kuzipanga, nazikusanya tu kwanza.

Isife, ulisema. Haijafa. Ila haiko hai kwa ufundi wangu, nilitaka ulijue hilo.

Jumamosi nafunga duka, nakwenda uwandani kwa huyo mama. Nitapiga picha tatu kama ulivyokuwa ukipiga, na nitakaa mpaka aseme mwenyewe kwamba sasa nenda. Nakuahidi sitaharakisha watu. Mwenyezi Mungu akulaze pema, mama yangu. Niache niishie hapa, umeme umerudi, na kuna mzee ameandika kuulizia habari za nyumbani. Hajui bado. Inabidi nianze kumwambia kwamba ni njema.

Mwanao,
Rehema